Alichokifumba Mama Mkononi

Juzi nilikwenda kununua karafuu maiti kwenye duka moja la sokoni Nyasubi. Muuzaji, kijana mchangamfu, alifungua kopo, na wateja wawili waliokuwa nyuma yangu wakasogea kando. Mmoja akaziba pua kwa mtandio. Siwalaumu, maana kwa watu wengi ile ni harufu ya msiba na hakuna anayependa kukumbushwa. Kwangu mimi ni harufu ya mama yangu akirudi nyumbani. Nilisimama pale nikainusa mpaka kijana akaniuliza, "Mama, ni hii unayotaka au nikufungulie nyingine?" Machozi yalikuwa yamekwisha kunitangulia, nikaitikia kwa kichwa.

Mama alikuwa mwosha maiti. Tuliishi kwenye machimbo madogo upande wa Kharumwa, ambako nyumba nyingi wakati ule zilikuwa za miti na maturubai, watu wakija na kuondoka kufuata rashi, yaani uvumi kwamba dhahabu imetoka mahali fulani. Baba aliifuata rashi moja ng'ambo ya Buseresere. Aliaga kwamba anakwenda wiki mbili, na hizo wiki mbili hazijaisha mpaka leo. Tukabaki wawili. Siku za kawaida mama aliponda mawe kwa nyundo kwenye mwalo wa Baba Kabula, pale mawe yanaposagwa na kuoshwa hadi dhahabu ibaki. Waislamu tulikuwa wachache. Tulienea sote kwenye msikiti wa mabati na nafasi ikabaki ya kuanikia mtama. Akifa mwanamke wetu, wenzake walishika shuka na kumimina maji, lakini mkono uliomgusa ulikuwa wa mama.

Akirudi kutoka kuosha, watu walimsubiri njiani na swali lao lilelile: "Alikuwaje?" Kwetu inaaminika kwamba maiti haifichi kitu. Mwenye roho mbaya huonekana, mchawi huonekana, na mwenye heri naye huonekana. Mama alijibu neno moja kwa wote. "Alikuwa safi." Alifariki mama mmoja mgomvi ambaye alimwaga maji ya moto kwenye mbuzi wa jirani, na mama akasema alikuwa safi. Alifariki binti wa baa aliyekataliwa na ndugu zake, na mama akasema vilevile. Kwa muda mrefu nilidhani kufa kunatakatisha kama sabuni ya kipande. Mama aliamini kwamba anayemsitiri mwenzake naye atasitiriwa, siku ambayo hakuna pa kujificha. Aliniambia hivyo akinichania nywele, na mimi nilisikia maneno tu, kama mtoto anavyosikia.

Kabula alikuwa rafiki yangu, mtoto wa mwenye mwalo. Alikuwa na viatu vinavyowaka taa kila akikanyaga. Alikuwa na baiskeli, na alikuwa amefika Mwanza akaona ziwa. Mimi nilikuwa na mama anayenuka karafuu maiti. Kabula hakuwa mtoto mbaya, alinipa hata kiatu kimoja nikivae tukatembea kila mmoja na taa moja. Lakini nilichoka kupewa. Nilitamani siku moja na mimi niwe na kitu ambacho yeye hana.

Basi akafa mama mmoja aliyekuwa akiwauzia wachimbaji chapati. Jina lake silitaji, na hata hilo la chapati nimelibadilisha. Mume wake ndiye aliyekuwa akiadhini msikitini na kutufundisha sisi watoto kusoma, tukimwita Mwalimu. Mke wake hakuwa amejaliwa mtoto. Mwaka ule tumbo lake lilianza kukua, wanawake wakamtania na kumchagulia majina, mpaka walipoona mikono yake inakonda wakati tumbo linaendelea, ndipo utani ukakoma. Alikufa asubuhi moja kabla chapati hazijaisha kuiva.

Wiki hiyohiyo donge la dhahabu lilipotea mwaloni, kubwa kama punje ya hindi, kama ilivyosemwa. Watu wa machimbo wana haraka ya kuunganisha mambo. Yule mama alikuwa akiingia mwaloni kila siku na beseni lake. Tumbo lake limevimba. Basi amelimeza. Hakuna aliyeuliza tumbo lililoanza kuvimba tangu masika linawezaje kuwa limemeza kitu kilichopotea Jumanne. Msiba ukawa na watu wengi kuliko kawaida, na si wote walikuja kulia.

"Mama yako ndiye atakayeiona," Kabula aliniambia. "Nenda kachungulie."

"Naogopa maiti."

"Basi huna lolote wewe."

Hilo ndilo lililonipeleka. Nilizunguka nyuma ya nyumba ya Mwalimu, nikapata mpasuko kwenye turubai, nikaweka jicho. Mvuke wa maji yenye majani ya mkunazi ulikuwa umejaa. Marehemu alikuwa amefunikwa shuka toka kifuani mpaka miguuni, na mama alikuwa akiosha kwa chini ya shuka bila kuangalia, akisoma kwa sauti ndogo. Mkono wake ulipofika kiunoni ulisimama. Akawageukia wale wawili waliokuwa wakimsaidia, akawaambia maji hayatoshi, wakaongeze. Walipotoka alichukua wembe, akauingiza chini ya shuka, akakata kitu. Mkono ukatoka umefumba. Alikifunga kile kitu kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili, kisha akainama akamnong'oneza marehemu sikioni. Sikusikia alichosema. Wale wawili waliporudi na ndoo walimkuta anaosha mguu.

Mimi nilijua ni nini. Kulikuwa na nini kingine cha kukifumba namna ile? Nilikimbia moyo ukinidunda kwa furaha, na furaha ile mpaka leo ikinijia naionea aibu. Tumekuwa matajiri, niliwaza. Nitanunuliwa viatu vya taa, vyote viwili. Nikamkuta Kabula akinisubiri kwenye lundo la mchanga, nikamwambia, "Mama ameipata." Akili ya mtoto wa miaka tisa. Sikukumbuka hata kidogo kwamba dhahabu ninayojivunia ni ya baba wa huyohuyo ninayemringia.

Siku ya pili baada ya maziko, alasiri, Baba Kabula alikuja na vijana wake wawili. Alikuwa mtu mpole kwa kawaida, mwenye kicheko kikubwa. Siku ile hakucheka.

"Mwadila, Mama Zena," akamsalimia mama kwa Kisukuma.

"Mwadila, Baba Kabula. Karibuni mkae."

"Hatukai, mayu. Sikuja kwa ugomvi. Nimesikia kuna kitu ulikichukua kwa marehemu."

"Umesikia kwa nani?"

Baba Kabula alinitupia jicho. Mimi nilikuwa nimeshika mlango, natazama vidole vya miguu yangu. Mama naye akanitazama, kisha akahama pale alipokuwa amesimama, akasimama katikati yangu na yule mgeni, kanga yake ikanifunika uso wote.

"Haidhuru umesikia kwa nani," akasema. "Ni kweli, kuna kitu nilikichukua. Wallahi si dhahabu."

"Basi tuonyeshe, yaishe."

"Siwezi. Si changu, na mwenyewe hayupo wa kunipa ruhusa."

Kijana mmoja akacheka kwa pua. Baba Kabula akamnyamazisha kwa mkono.

"Mama Zena, mimi nakuheshimu. Kesho watu wote wa mwalo tunakwenda kwa mganga. Tutatafuna mtama wake, na aliyechukua atavimba mdomo. Na mimi nitatafuna. Njoo na wewe utafune, jina lako lisafike mbele ya watu."

"Huko siendi. Unajua dini yangu."

"Hata Waislamu wenzako wanakwenda. Wawili wameshaniambia."

"Hao watajibu kwa Mungu wao. Mimi siendi. Na kama ningekuwa mwizi ningekwenda, Baba Kabula, maana mwizi ndiye anayeogopa kuonekana hayupo."

Alikuwa sahihi, na haikumsaidia kitu. Machimboni kwetu mganga ndiye aliyekuwa hakimu. Kutafuna na usivimbe ni kushinda kesi, na kukataa kutafuna ni kukiri. Siku iliyofuata mwalo mzima ulikwenda ukatafuna na kurudi na midomo yake mizima, wakicheka njia nzima kwa kupona. Wa kuvimba hakuonekana. Basi akabaki mmoja tu ambaye hakwenda, na hesabu ikawa rahisi.

Kwanza nyundo yake ilirushwa nje ya uzio wa mwalo. Kisha wakaja kupekua, wakatoboa magodoro, wakamwaga unga wetu chini na kuuchekecha kwa vidole. Mama alisimama akiangalia kama mtu anayesubiri mvua ipite. Hawakupata kitu. Lakini la mwalo halikuwa lililomuumiza. Mwalimu, mfiwa mwenyewe, alikuja siku ya Ijumaa, akasimama nje hataki kuingia, macho yamemwiva.

"Mama Zena, ulichukua nini kwa mke wangu?"

Nilidhani huyu atamwambia. Huyu ni mumewe, ana haki. Mama alitoka akasimama mbele yake.

"Mwalimu," akasema, "mkeo alikuwa safi."

"Sikukuuliza hilo."

"Hilo ndilo nililo nalo."

Mwalimu aliondoka, na tangu siku hiyo hakuitika salamu ya mama. Mwezi haujaisha akafa bibi mmoja wa kwetu, na msikiti ukatuma pikipiki kwenda kumleta mwoshaji kutoka Kharumwa mjini. Mama alisikia pikipiki ikipita. Alikuwa amekwisha tayarisha mfuko wake wa kitambaa na kopo la karafuu maiti, ameviweka mlangoni. Akavirudisha kwenye sanduku polepole, akaenda kutia udhu. Nilimwona akisali mabega yakimtikisika, na hiyo ndiyo mara pekee nilimwona akilia kwa jambo lile.

Sasa niseme lililonichanganya. Baada ya pale, mama hakuwa mtu wa huzuni. Alikuwa na njaa, alikuwa amechoka, alilima vibarua kwa watu wasiomkaribisha maji, lakini hakuwa na huzuni. Alikuwa akichambua mchicha huku akiimba kaswida. Alipoweka kichwa chini alilala. Mimi niliyemponza nilikuwa nashtuka usingizini, na yeye aliyeponzwa alikuwa akikoroma. Mtoto hutafuta sababu, na mimi niliipata: mama ana dhahabu. Ameificha mahali. Mtu hawezi kupoteza vyote hivi na bado akaimba kama hana kitu kizito alichokikalia.

Nikaanza kuitafuta. Akienda kibaruani, nilifukua sakafu chini ya mkeka wake kwa kijiko, nikarudishia udongo na kuukanyaga. Nilifukua chini ya mafiga. Nilipekua mafundo ya kanga zake zote. Tulipohama, tukapanda lori la mahindi mpaka Kahama na kupanga chumba Nyasubi, niliutomasa mto wake kila siku nikitafuta kitu kigumu. Nilikuwa na hasira naye. Tunakula mlo mmoja, mimi natembea na ndala zilizoshonwa kwa waya, na yeye anakaa juu ya mali anaimba. Nilimwita mchoyo moyoni mwangu miaka mingi, na Mungu anisamehe.

Kukiri nilikiri nikiwa mwanamke mzima, nimeolewa, nina mimba ya kwanza. Tulikuwa tunachagua mawe kwenye mchele.

"Mama, ni mimi niliyemwambia Kabula. Nilichungulia."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Uliangalia vidole vya miguu."

"Mbona hukunichapa?"

Akapepeta ungo mara mbili. "Ningekuchapa, watu wangeuliza mtoto kafanya nini. Ningewajibu nini? Ungekua ukiitwa mtoto aliyemuuza mama yake." Kisha akacheka kidogo. "Na ulivyokuwa unafukua nyumba kama panya, nilijua unaadhibika vya kutosha."

Nilimuuliza alichukua nini. Akaniambia nichague mawe, mchele una mchanga mwingi siku hizi.

Ni yeye aliyenifundisha kuosha. Sikutaka, lakini alizeeka, mgongo ukawa hauinami, na waoshaji wa kike hawatoshi hata hapa mjini. Mara ya tatu au ya nne hivi niliitwa kwa mama mmoja, mtu wa swala tano, mwenye heshima zake, ambaye wanawake walimwendea kuuliza mambo ya dini. Mkono wangu ulipofika kiunoni mwake, chini ya shuka, uligusa kijifuko cha ngozi kilichoshonwa kwa uzi mweusi. Ilikuwa hirizi. Hirizi ya mganga, ile ile wanayopewa wasiopata watoto, imechakaa kwa miaka ya kuvaliwa. Nje wakwe zake walikuwa wakisifu imani yake. Nikasikia nawaambia wasaidizi wangu kwamba maji hayatoshi. Nikachukua wembe. Mkono ukatoka umefumba, nami nikautazama mkono wangu mwenyewe na kuujua.

Sisemi ndicho alichokikuta mama. Nakisia tu. Lakini nikikaa nikifikiri, yote yanakaa mahali pake. Mke wa mtu aliyesimama kila Ijumaa akikataza mambo ya waganga. Mwanamke ambaye aliambiwa na kila mtu asubiri, naye akachoka kusubiri, akaenda kwa siri kutafuta mtoto. Kama mama angefungua pindo lake mbele ya Baba Kabula, wale vijana wangecheka na kwenda zao, maana nusu yao walikuwa na hirizi zao viunoni. Yeye angerudishiwa nyundo yake siku ileile. Na Mwalimu angeishi maisha yake yote akijua mkewe alimficha nini na kwa nini. Mama aliweka vitu viwili kwenye mizani, jina lake na la maiti, akachagua la maiti, kwa kuwa yeye bado alikuwa na mdomo wa kumwomba Mungu na mwenzake hana.

Mama alifariki mwezi uliopita. Nilimwosha mwenyewe. Maji yalikuwa ya uvuguvugu kama alivyopenda, na karafuu maiti ilikuwa yake, ya mwisho kwenye lile kopo la zamani. Baada ya hapo nilifungua sanduku lake. Nywele zangu zimeanza kuwa nyeupe, nina watoto watatu, na bado mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye kona za chini kutafuta kitu kigumu. Palikuwa na sanda aliyojinunulia, miswaki miwili na msahafu. Nilikaa chini nikalia kwa sauti, nikimlilia yeye na ule ujinga wangu wote wa kufukua.

Siku ya tatu Kabula alikuja. Sikumtegemea. Alisafiri toka asubuhi, amenenepa, anatembea kwa fimbo kwa ajili ya goti, na alilia kama ndugu. Baba yake alikwisha fariki. Mwalimu naye alikwisha fariki, hakuoa tena. Dhahabu ile haijaonekana mpaka leo. Tulikaa kwenye mkeka na sahani ya wali katikati yetu, tukala kwa mkono kama zamani. Wageni wengine waliposogea, akanishika goti.

"Zena, nisamehe, lakini imenikaa kifuani miaka yote. Kwetu mpaka leo wanasema mama yako aliichukua. Mimi nilimpenda mama yako. Niambie tu alichukua nini, nirudi niwaambie."

Ninyi mnaosoma hammjui yule marehemu, na nimewapotosha vya kutosha ili msimjue. Kabula alimjua. Alikula chapati zake, aliwajua ndugu zake ambao bado wako kule, wanasali kwenye msikiti uleule, sasa umejengwa kwa matofali. Nilikuwa nao mdomoni usafi wa mama yangu. Neno moja tu, na kule machimboni jina lake lingesimama tena. Nilitaka kusema. Nataka mjue kwamba nilitaka sana.

"Alikuwa safi," nikamwambia.

"Nani, mama yako?"

"Wote wawili."

Niliona kwamba Kabula hakuridhika, na kwamba atarudi kwao na lilelile. Iliniuma. Lakini chini ya maumivu yale palikuwa na utulivu ambao sijawahi kuwa nao tangu nikiwa na miaka tisa, na nikaujua ni nini, kwa sababu nilikuwa nimeutafuta kwa kijiko chini ya mkeka wa mama yangu. Nikavuta bakuli nikamwongezea mchuzi.